Somo la wiki: Mashine pepe au kontena? Piga hesabu kabla ya kusaini

WAFANYABIASHARA wengi wanapokwenda kununua seva huuliza mambo matatu: bei ya mashine, dhamana yake na umeme itakaoutumia. Ni wachache wanaouliza swali la nne, ambalo miaka ya karibuni limekuwa ghali kuliko hayo matatu: programu itakayoigawa seva hiyo italipiwa vipi mwaka huu, mwaka kesho na mwaka wa tano?

Swali hili si la mafundi peke yao. Ni la mwenye duka la jumla anayetunza hesabu za matawi manne, ni la mwenye kampuni ya kusafirisha mizigo, na ni la mwekezaji mdogo anayetaka kujua kwa nini gharama za kampuni yenye hisa zake zinapanda wakati mauzo hayajabadilika. Katika somo la wiki hii tunaeleza njia mbili zinazotumika kuigawa seva, gharama za kila moja, na mambo ambayo mwenye fedha anapaswa kuyapima kabla hajaweka saini.

Nyumba na vyumba

Seva moja ya leo ina nguvu nyingi kuliko inavyohitaji programu moja. Ukiiweka programu ya mahesabu peke yake, sehemu kubwa ya nguvu uliyoinunua inakaa bure, sawa na mtu aliyekodi ghala zima kuhifadhi magunia ishirini. Ndiyo maana seva hugawanywa.

Njia ya kwanza ni mashine pepe. Hapa programu msimamizi huigawa seva kuwa kompyuta kadhaa zisizoshikika kwa mkono. Kila moja ina mfumo wake endeshi, kumbukumbu yake na diski yake. Moja inaweza kuwa Windows na jirani yake Linux, na hazijuani. Mfano wake ni kiwanja kimoja kilichojengwa nyumba tano, kila nyumba na msingi wake, paa lake na mita yake ya umeme.

Njia ya pili ni kontena. Hapa mfumo endeshi ni mmoja tu, na kila programu hufungwa pamoja na vitu inavyovihitaji, ikapewa chumba chake ndani ya nyumba hiyo moja. Wapangaji wote wanatumia msingi mmoja na paa moja. Kontena huwaka kwa sekunde chache na hula kumbukumbu kidogo, kwa kuwa halibebi mfumo endeshi wake. Jina lenyewe limetokana na makontena ya bandarini: ukishafunga mzigo katika kontena la kipimo kinachokubalika, meli yoyote na lori lolote litaubeba bila kuufungua.

Makontena yakiwa matano, fundi mmoja anaweza kuyaangalia kwa mkono. Yakifika mia moja katika seva kumi, inahitajika programu ya kuyapanga, kuyafufua yanapozimika na kuyahamisha seva inapoharibika. Inayotumika zaidi ni Kubernetes, neno la Kigiriki lenye maana ya mshika usukani wa chombo.

Zilikotoka

Wazo la mashine pepe si jipya. IBM ya Marekani ilikuwa nalo kwenye kompyuta zake kubwa tangu miaka ya 1960. Lililolifikisha kwa seva za kawaida ni kampuni ya VMware, iliyoanzishwa California mwaka 1998 na kutoa bidhaa yake ya kwanza ya seva mwaka 2001. Mwaka 2007 mfumo wa Linux nao ulipata uwezo wa namna hiyo ndani yake, unaoitwa KVM, na mwaka 2008 Microsoft ikatoa Hyper-V.

Makontena yalipata umaarufu Machi 2013, programu ya Docker ilipotangazwa. Mwaka uliofuata Google ikatangaza Kubernetes na kuifanya programu huria, na toleo la kwanza rasmi likatoka Julai 2015. Tangu hapo mafundi wengi vijana wamefundishwa kwamba kontena ni jambo la kisasa na mashine pepe ni la kizamani. Mwenye fedha asikubali maneno hayo bila kuyapima, kwa sababu vitu hivi viwili havifanyi kazi ileile.

Kontena hutumia moyo wa mfumo endeshi wa seva yenyewe. Kwa maana hiyo programu ya mahesabu iliyoandikwa kwa Windows haiingii katika kontena la Linux hata ukimlipa fundi mara mbili. Hali kadhalika, moyo huo ukiwa na kasoro ya usalama, mwizi aliyeingia chumba kimoja anaweza kuvifikia vyumba vyote. Amazon, ambayo huendesha programu za wateja wasiojuana kwenye seva zilezile, ilitangaza mwaka 2018 programu yake ya Firecracker, inayomzungushia kila mteja ukuta wa mashine pepe nyepesi. Tajiri mwenye mafundi maelfu hakuutegemea ukuta wa kontena peke yake.

Kwa hiyo, mara nyingi uchaguzi si kuacha moja na kuchukua nyingine. Makontena mengi duniani yanaendeshwa ndani ya mashine pepe. Swali la kweli ni kama biashara yako inahitaji tabaka la pili juu ya lile la kwanza, na nani atalipia kila tabaka.

Funzo la VMware

Kwa miaka mingi jina la VMware lilikuwa chaguo salama, na mnunuzi hakulaumiwa kwa kulichagua. Kampuni ilinunuliwa na EMC mwaka 2004 kwa dola milioni 635, ikauza hisa kwa umma Agosti 2007, ikaingia mikononi mwa Dell mwaka 2016, kisha ikatengwa tena kuwa kampuni ya peke yake Novemba 2021. Wamiliki walibadilika lakini mteja aliendelea kununua leseni ya kudumu: unalipa mara moja, programu ni yako, na kila mwaka unalipia huduma ya msaada ukitaka.

Mei 2022 Broadcom, kampuni inayojulikana zaidi kwa vipande vya elektroniki, ilitangaza kuinunua VMware kwa takriban dola bilioni 61. Ununuzi ulikamilika tarehe 22 Novemba 2023. Mwezi uliofuata leseni za kudumu zikaacha kuuzwa. Mteja sasa hulipa ada ya muda, bidhaa nyingi zimefungwa katika vifurushi vichache, na hesabu hufanywa kwa idadi ya viini vya prosesa, kila prosesa ikihesabiwa kuwa na viini visivyopungua 16 hata kama ina 8.

Malalamiko hayakutoka kwa wadogo tu. Agosti 2024 kampuni ya simu ya AT&T ya Marekani, iliyokuwa na mashine pepe zipatazo 75,000 kwenye seva takriban 8,600, iliishitaki Broadcom mahakamani New York kuhusu huduma ya msaada kwa leseni ilizokwisha kununua. AT&T ilidai kwamba ilipewa pendekezo la kupandishiwa gharama kwa asilimia 1,050. Shauri hilo lilimalizwa kwa makubaliano kabla mwaka haujaisha.

Upande wa muuzaji picha ilikuwa tofauti. Mapato ya Broadcom kutokana na programu yalikuwa takriban dola bilioni 7.6 katika mwaka wa fedha wa 2023. Mwaka wa 2024, VMware ikiwa ndani, yalifika dola bilioni 21.5. Desemba 2024 thamani ya hisa zake zote ilivuka dola trilioni moja, ingawa sehemu kubwa ya furaha ya wawekezaji ilitokana na vipande vya elektroniki vya akili bandia.

Funzo kwa mnunuzi ni kwamba leseni si chuma. Thamani yake hutegemea nia ya mwenye programu, na mwenye programu anaweza kubadilika wakati wowote kwa mkataba uliosainiwa mahali usipopajua.

Hesabu ya viini

Tuchukue mfano. Tarakimu za bei hapa ni za kufundishia tu. Bei halisi omba kwa muuzaji wako kwa maandishi.

Bwana mmoja ana seva tatu. Kila seva ina prosesa mbili, na kila prosesa ina viini 8. Viini halisi ni 48. Kwa kanuni ya 16 kwa kila prosesa, atatozwa viini 96. Kama ada ni dola 50 kwa kiini kwa mwaka, atalipa dola 4,800 badala ya dola 2,400. Angenunua tangu mwanzo seva zenye prosesa moja ya viini 16, angekuwa na idadi ileile ya viini na angelipa nusu. Huo ni uamuzi wa siku ya kununua chuma, na baadaye haurekebishiki bila gharama.

Sasa tuweke shilingi. Mapato ya bwana huyu ni ya shilingi, ada ni ya dola. Dola ikiwa shilingi 2,500, ada yake ni shilingi milioni 12. Dola ikipanda hadi shilingi 2,700, ada inakuwa shilingi milioni 12 na laki 9 na elfu 60. Muuzaji hajapandisha hata senti, lakini shilingi 960,000 zimetoka mfukoni.

Je, ahame? Zipo programu huria za mashine pepe. Mojawapo ni Proxmox ya Vienna, Austria, iliyotoka mwaka 2008, ambayo imejengwa juu ya KVM. Programu yenyewe haina ada; anayetaka msaada wa kampuni hulipa kwa mwaka kwa idadi ya prosesa, si ya viini. Tuseme msaada huo ni dola 400 kwa prosesa. Prosesa zake sita zitagharimu dola 2,400 kwa mwaka. Tuongeze gharama ya kuhama, ambayo hulipwa mara moja: fundi dola 3,000 na mafunzo ya wafanyakazi dola 2,000.

Kwa miaka mitano, kubaki ni dola 24,000. Kuhama ni dola 12,000 za msaada na dola 5,000 za kuhama, jumla dola 17,000. Ameokoa dola 7,000.

Lakini jirani yake mwenye seva moja ya namna hiyohiyo hesabu yake inageuka. Kubaki ni viini 32 kwa dola 50, yaani dola 1,600 kwa mwaka, au dola 8,000 kwa miaka mitano. Kuhama ni dola 4,000 za msaada, na gharama ya fundi na mafunzo ni ileile dola 5,000, jumla dola 9,000. Huyu akihama amepata hasara ya dola 1,000, isipokuwa muuzaji apandishe bei kabla ya miaka mitano kwisha. Gharama ya kuhama haipungui sana kwa sababu wewe ni mdogo. Anayeshauri kuhama bila kuionyesha gharama hiyo anauza, hashauri.

Wenye programu za Windows wakumbuke leseni nyingine. Leseni ya kawaida ya Windows Server, ukiwa umelipia viini vyote vya seva, huruhusu mashine pepe mbili tu za Windows. Ukitaka nyingine mbili, unalipia viini vyote tena. Kubadili programu msimamizi hakuondoi deni hilo.

Kontena nalo lina gharama zake

Wapo wanaosema: tuachane na yote hayo, twende kwenye makontena, Kubernetes ni bure. Ni kweli kwamba haina ada. Gharama yake imejificha kwa watu na kwa muda.

Kwanza, Kubernetes hutoa matoleo mapya mara tatu kwa mwaka, na kila toleo hutunzwa kwa miezi ipatayo 14. Maana yake ni kwamba angalau mara moja kwa mwaka lazima ufanye kazi ya kupandisha toleo, la sivyo unabaki na mfumo usiorekebishwa kasoro za usalama. Mashine pepe iliyowekwa vizuri nayo hurekebishwa, lakini mwendo wake ni wa polepole zaidi.

Pili, ili usimamizi wa Kubernetes usizimike, unahitaji mashine tatu za kuusimamia, kwa kuwa maamuzi hupita kwa wingi wa kura. Moja ikiharibika, mbili zinabaki kuwa wengi. Ukiwa na mbili tu, moja ikianguka iliyobaki si wengi, na usimamizi unasimama. Mwenye seva moja chini ya meza akiweka Kubernetes amejiongezea kazi bila kupata uhai wa ziada.

Tatu, ni mafundi. Anayejua kuendesha mashine pepe ni rahisi kumpata kuliko anayejua kuendesha Kubernetes, na huyo wa pili akiondoka, pengo lake ni kubwa. Kuna vifurushi vya kulipia vinavyopunguza mzigo huo, kama OpenShift ya Red Hat na Rancher ya SUSE, lakini hapo umerudi kwenye ada ya mwaka.

Kontena hulipa pale biashara inapoandika programu zake yenyewe na kuzibadilisha mara kwa mara. Kampuni yenye programu ya simu inayorekebishwa kila wiki, na wateja wanaoongezeka mwisho wa mwezi kisha wakapungua, itaona faida. Chukua programu ndogo ishirini. Kama kila moja ingepewa mashine pepe, na mfumo endeshi wa kila mashine ukala gigabaiti 2, gigabaiti 40 za kumbukumbu zingekwisha kabla kazi haijaanza. Katika makontena mzigo huo hubebwa mara moja. Lakini duka la jumla lenye programu ya mahesabu, ya mishahara na ya stoo, zote za kununua na zote za Windows, halitaona faida hiyo.

Kati ya hizo mbili kuna njia ya wastani ambayo wengi wangeanza nayo: mashine pepe kwa programu za kununua, na ndani ya mashine pepe moja ya Linux kuweka makontena machache yasiyohitaji Kubernetes. Biashara ikikua, makontena hayohayo yanahamishika.

Kwa wenye hisa

Historia ya biashara hii inawafundisha wawekezaji mambo mawili. La kwanza, umaarufu si mapato. Docker ilikuwa kwenye midomo ya mafundi dunia nzima, lakini Novemba 2019 kampuni hiyo iliuza kitengo chake cha wateja wakubwa kwa Mirantis. Agosti 2021 ikatangaza kwamba Docker Desktop italipiwa na kampuni zenye wafanyakazi zaidi ya 250 au mapato yanayozidi dola milioni 10 kwa mwaka. Kwa upande mwingine Red Hat, iliyokuwa ikiuza msaada kwa programu huria, ilinunuliwa na IBM kwa dola bilioni 34 mwaka 2019. Bidhaa ya bure inaweza kumtajirisha mtu, mradi ajue anauza nini juu yake.

La pili, ugumu wa mteja kuhama ni mali ya muuzaji, lakini mali hiyo huliwa. Bei ikipanda ghafla mapato hupanda haraka, kwa kuwa mteja hana pa kukimbilia mwaka huo. Mwaka wa tatu au wa nne ndipo waliojiandaa wanapoondoka. Mwenye hisa za kampuni ya namna hii asitazame mapato peke yake. Aangalie pia mikataba mingapi inarudiwa muda wake unapokwisha.

Na kwa mwenye hisa za benki au kampuni ya simu katika masoko ya Dar es Salaam na Nairobi, mkutano mkuu wa mwaka ni mahali pa kuuliza: ada za programu tunazolipa kwa dola ni kiasi gani, mkataba unakwisha lini, na mpango wa kuhama uko wapi? Bodi iliyojiandaa itajibu kwa dakika mbili.

Maswali ya kuuliza kabla ya kusaini

1. Programu zangu ni za kununua au ninaziandika mwenyewe? Za kununua, anza na mashine pepe.

2. Ninatozwa kwa kiini, kwa prosesa au kwa seva, na kiwango cha chini ni kipi?

3. Mkataba ukiisha nisipolipa, programu itaendelea kufanya kazi au itazimika?

4. Bei ya mwaka wa pili na wa tatu imeandikwa, au imeachwa wazi?

5. Nikitaka kuhama, data na mashine zangu zinatoka kwa muundo ambao mwingine anaweza kuupokea? Fundi akuonyeshe kwa kuhamisha mashine moja, si kwa maneno.

6. Nakala za akiba zinafanya kazi na mfumo mpya? Mwambie arudishe moja mbele yako.

7. Fundi wangu akiondoka kesho, nani mwingine mjini anaujua mfumo huu?

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, na katika biashara hii msemo huo unakata pande zote mbili. Programu isiyo na ada inaweza kukugharimu kwa watu, na yenye jina kubwa inaweza kukugharimu kwa bei. Chukua kalamu, weka miaka mitano mbele, weka dola na shilingi, weka na gharama ya kuhama. Ikiwa hesabu yako na ya muuzaji hazilingani, usisaini mpaka akuonyeshe kwa maandishi tofauti imetoka wapi.